Mashine Iliyojua Siku Zetu

Adum, Kumasi
8 Mei 1999

Mwanangu Kwabena,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza na paa la duka linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kiti cha wageni, kwa hiyo siku hizi wageni wetu hawakai sana. Mama yako yuko Mampong na goti lake, ambalo linatabiri mvua kuliko redio. Anasema nikuambie kwamba mwanaume anayeishi karibu na bahari hapaswi kukumbushwa habari za samaki. Mimi nimefikisha ujumbe, mengine malizaneni wenyewe.

Sasa nisikilize. Juzi alikuja bwana mmoja kutoka Accra, anaitwa Lartey, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Anauza kompyuta. Akaiona mashine ya Mjomba wako pale pembeni, akaizunguka kama mtu aliyekuta mbuzi ndani ya kanisa.

"Mama, hii ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka ambao marehemu kaka yangu alikuwa na nywele," nikamwambia.

Hakucheka. Akasema mashine za namna hii zinajua tarakimu mbili tu za mwaka. Mwezi wa kwanza ukifika zitaona sifuri mbili na akili zitaziruka. Nitapoteza hesabu ya vitenge vyote, nani kachukua nini, nini kiko ghalani. Ananishauri niiondoe, ninunue yake. Nilimsikiliza kwa tahadhari, maana alianza kwa kunitisha na akamaliza kwa kutaja bei, na waganga pia hufanya hivyohivyo.

Bei yenyewe ni sawa na marobota yangu yote ya Krismasi. Nikiinunua, sitakuwa na kitenge kipya hata kimoja mwezi wa Desemba, na unajua duka la jumla lisilo na kipya Desemba linavyosahaulika. Nisipoinunua na aliyoyasema yakatokea, nimekwisha. Amenipa mpaka mwisho wa Oktoba.

Mjomba wako Yaw angekuwepo, ningemwachia yeye apime. Hayupo. Kwetu mpwa ndiye anayekalia kiti cha mjomba, kwa hiyo usijifanye hujui ninamwandikia nani. Pima, uniambie.

Mashine haijambo. Jumanne, siku yako ya kuzaliwa, iliniuliza tena lile swali la Mjomba wako, kama umekula. Nilibonyeza ndiyo kama kawaida, maana isipojibiwa haifungui hesabu, na wateja walikuwa wamejaa. Sijui kama nilisema kweli.

Utakuja lini?

Mama yako mdogo,
Adwoa Dufie

*

Tema
2 Juni 1999

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Bandarini meli zimepangana hadi upeo wa macho na sisi wa kompyuta ndio tunaotafutwa kila kontena likipotea. Asubuhi kukiwa na ukungu, yale makontena yanaonekana kama nyumba za mji ambao watu wake wote wamelala, na mimi napita katikati yake na karatasi mkononi nikitafuta mlango. Samaki nimempa dereva Mensa wa basi la Kumasi, wamekaushwa vizuri. Mwambie mama aache kunisema.

Nimepima. Bwana Lartey hakudanganya. Bei yake ni kubwa, na haiishii hapo: itabidi mfunge duka muhesabu vitenge upya, kimoja kimoja, na kila mwaka kampuni yake itataka kitu ili iendelee kuitunza. Kwa upande mwingine, mashine ya Mjomba hailipiwi chochote. Lakini diski zake hazitengenezwi tena, na riboni ya printa yake nilizunguka Accra nzima mwaka jana ndipo nikaipata kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiweka kama kumbukumbu.

Zaidi ya hayo, Mama Mdogo, ya Bwana Lartey ikiharibika utamwita fundi yeyote. Programu ya Mjomba aliiandika mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa namna yake. Aliyeiandika yuko kaburini. Hilo halimo kwenye bei lakini ni gharama.

Ushauri wangu ni uinunue mpya. Marobota ya Krismasi yatarudi mwaka mwingine.

Habari za kula, nakula. Chakula cha hapa ni kenkey ya mahindi na samaki, samaki na kenkey.

Wako,
Kwabena Oduro

*

Adum, Kumasi
27 Juni 1999

Mwanangu Kwabena,

Samaki wamefika na mama yako amenyamaza kwa muda. Nakushukuru. Paa bado. Binti wa jirani yetu fundi saa ameolewa, tulicheza mpaka viatu vikaomba ruhusa. Kila mtu alikuulizia. Nilisema uko kazini, kana kwamba kazi ni nchi ya mbali isiyo na barabara.

Uliandika kwamba aliyeitengeneza mashine yuko kaburini. Ni kweli, mimi nilimzika. Lakini aliyekaa mapajani pake akijifunza kila alichokuwa anaandika yuko Tema, mwendo wa basi moja. Hilo nalo halimo kwenye bei yako.

Lakini sikukaidi tu. Nilimwita Bwana Lartey aje aonyeshe mashine yake dukani, mbele ya wateja, kwa siku moja. Akaja nayo, nyeupe, haina hata kelele. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Pokuaa wa Ejura, unamjua, yule ambaye sauti yake hufika kabla yake.

"Nipe Usinihesabie Nyama, marobota mawili," akasema.

Lartey akaweka vidole tayari. "Namba yake, mama?"

"Namba ya nani?"

"Ya kitenge."

"Kijana, kwani mama yako wewe alikuzaa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Haya Tatu, nipe Usinihesabie Nyama, basi linaniacha."

Duka zima lilikaa chini kwa kicheko. Sasa mtaa mzima unamwita Bwana Tatu, na maskini ameanza kuitika.

Nilicheka nami, ila jioni niliwaza. Wewe unakumbuka desturi yetu. Kitenge kikitoka Uholanzi hakina jina. Tunakifungua, na siku tuliyokifungua ndiyo jina lake la kwanza, kama mtoto: kilichofunguliwa Ijumaa ni Afua, cha Jumatano ni Akua, kama mimi nilivyo Adwoa wa Jumatatu na wewe Kwabena wa Jumanne. Kinatundikwa, wanawake wanakizunguka, wanakishika, wanakisema, na ikifika siku ya nane soko limekipa jina lake. Mjomba wako aliifundisha mashine kungoja. Ya Bwana Tatu haikubali kitu kisicho na namba hata nusu saa. Nikamwuliza, "Na kama bado hatujakijua?" Akasema, "Unakipa namba yoyote tu, mama." Namba yoyote tu.

Lakini usidhani nakukatalia. Ninakuuliza wewe mwenye akili.

Jambo jingine ni kwamba mashine ya Mjomba wako imezimika tangu Alhamisi. Kioo cheusi, haisemi. Nadhani inabidi uje.

Mama yako mdogo,
Adwoa Dufie

*

Tema
22 Agosti 1999

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nilifika salama. Lile bonge la fufu ulilonifungia nililila kabla ya kufika Nkawkaw, na abiria wenzangu walinichukia njia nzima.

Kuhusu ugonjwa wa mashine: ulikuwa ni ule waya wa nyuma uliolegea, kama ulivyolegea kabla ya Pasaka, na kama ulivyolegea Krismasi iliyopita. Ulisema ni panya. Safari hii nimeukaza kwa skrubu. Sijawahi kusikia panya wenye kalenda, lakini Kumasi ni mji mkubwa.

Kuna kitu sikukuambia pale dukani. Ulipokwenda kuwanunulia wateja maji, niliijaribu. Wewe kila asubuhi unaiandikia tarehe kwa mkono, nayo inajipigia hesabu ya siku. Nikaiandikia mwaka mpya: tarehe moja, mwezi wa kwanza, sifuri sifuri. Haikuzimika wala haikupoteza kitenge hata kimoja. Iliamini tu kwamba ni mwaka 1900. Mwaka mpya unaokuja utakuwa Jumamosi. Kwake yeye ilikuwa Jumatatu.

Hili Bwana Lartey hawezi kulijua, na mahali pengine lisingemsumbua mtu. Kwetu sisi linavuruga kila kitu. Kitenge kitakachofunguliwa Jumamosi kitaitwa Adwoa wa Jumatatu badala ya Ama. Kila mtu wa dukani, ambaye Mjomba alimwandikia salamu ya siku aliyozaliwa, atasalimiwa siku isiyo yake. Na tarehe ishirini na tisa Februari itakataa kabisa, itasema siku hiyo haipo. Baada ya hapo siku zitahama tena.

Nilikaa pale nikaiangalia ile Jumatatu ya uongo inavyong'aa kijani. Nilihisi kama nimeingia chumba ninachokijua nikakuta dirisha limehamia ukuta mwingine. Sikuwa na huzuni. Nilitaka tu kukaa kidogo zaidi.

Inaweza kurekebishwa. Lakini Mjomba hakuandika hesabu ya siku mahali pamoja, aliitawanya kila pembe, na ukigusa hapa kunalia kule. Ni kazi ya miezi, pale dukani, na baadaye lazima awepo mtu wa karibu wa kuiangalia. Kwa hiyo nasema tena: nunua mpya.

Nikiwa huko uliniuliza mara mbili kama nitakuja Krismasi. Bandarini ratiba bado hazijatoka.

Kwabena

*

Adum, Kumasi
19 Septemba 1999

Mwanangu Kwabena,

Sisi tuko salama. Mama yako alikuja hapa akakaa juma zima, tukala, tukabishana kuhusu chumvi, akarudi Mampong akiwa amenenepa. Fundi amepanda kwenye paa akashuka akisema tatizo ni paa. Nimemlipa kwa hekima hiyo.

Panya nimewaambia. Wamekasirika.

Niliota ndoto. Niko dukani lakini duka halina kuta, ni vitenge tu vimetundikwa, vingi, mpaka mbali, vinapepea polepole bila upepo. Vingine nilivijua, nikavitaja. Vingine havikuwa na jina bado, navyo viliniangalia kama watoto wanaosubiri kuitwa. Mjomba wako Yaw alikuwa amekaa kwenye mashine na nywele zake zote. Nikafurahi sana kumwona, Kwabena, nilifurahi mpaka nikasahau kwamba amekufa. Akanyoosha kidole kwenye kiti tupu, akauliza, "Hapa anakaa nani?" Nikamwambia, "Paa linavuja." Akacheka kile kicheko chake cha puani, akaendelea na kazi. Nikaamka nikiwa bado nasikia vidole vyake vikigonga.

Siku ileile mama yako aliniambia umemwandikia ukimwuliza cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi. Amekupelekea. Hakukuuliza cha nini, na mimi simwulizi mtu jambo ambalo hajaanza kulisema. Ila bandari iko Tema na wewe uko Tema, na sijasikia mtu anayeombwa cheti cha kuzaliwa ili aende kazini kwa miguu.

Basi nitakuuliza habari za mashine tu, maana ndizo ulizokubali kuzizungumza. Nikibakiza ya zamani, nani ataitunza?

Oktoba inakaribia.

Mama yako mdogo,
Adwoa Dufie

*

Tema
24 Oktoba 1999

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi. Hii ndiyo nitakayomaliza, na Mensa yuko nje amewasha basi.

Kampuni yetu inapeleka watu wawili Rotterdam, kwa miaka mitatu, labda zaidi. Mimi ni mmoja wao. Nilijua tangu mwezi wa tano, kabla barua yako ya kwanza haijafika. Uliponiambia nipime, nilipima nikiwa nimeegemea upande mmoja wa mzani. Kila nilichokuandikia kuhusu diski na riboni ni kweli. Lakini nilitaka ununue mpya ili duka lisinihitaji.

Nimekaa na jambo hili na sipati usingizi mzuri. Mjomba alinilea mchana wa shule yangu nzima. Nikitoka darasani nilikuwa nakuja kwenye ile mashine kabla ya kwenda kwenye chungu, ndiyo maana akaiwekea lile swali. Kiti ni changu, umesema mwenyewe. Siwezi kukiacha kitupu halafu nikakutoza na marobota ya Krismasi juu yake.

Kwa hiyo usimlipe Lartey. Nitawaambia hapa kazini wamtafute mwingine. Novemba nakuja Kumasi na mzigo wangu, nakaa, naitengeneza, natunza. Nunua vitenge vyako.

Nijibu kwa Mensa.

Kwabena

*

Adum, Kumasi
6 Novemba 1999

Kwabena mwanangu,

Habari za hapa ni njema. Mama yako hajambo. Paa limezibwa, hatimaye, na mtu ambaye hakusema neno lolote, alipanda tu akaziba.

Barua yako ilinifikia nikiwa nimeshamlipa Bwana Tatu. Imechelewa, bahati mbaya. Mashine yake imeshafungwa pale mbele, inang'aa. Marobota ya Krismasi sitaleta. Nitauza yaliyopo, na wanawake wa soko nimewaambia ukweli. Mama Pokuaa alisema, "Adwoa, sisi tuna Desemba nyingi," akachukua robota moja zaidi ya aliyokusudia, na kitenge chenyewe ni kile asichokipenda. Nililia kidogo nyuma ya kaunta.

Namba nimezikubali. Lakini nimemwambia Bwana Tatu hatoki humu mpaka atafute pa kuweka na jina. Alihangaika siku mbili, akapata kijisehemu kilichoandikwa "maelezo." Humo ndimo tulimowaweka wote. Usinihesabie Nyama yumo, Jirani Amefunga Dirisha yumo, Nimechelewa Lakini Nimevaa yumo. Wasio na jina bado tunawaandika siku waliyofunguliwa. Tatu anaanza kujifunza. Jana alimwambia mteja, "Huyo bado ana siku tano, mama, subiri soko." Nilimpa supu ya karanga.

Uliniambia mwanzo kwamba kuna gharama zisizoandikwa kwenye bei. Nimejifunza kwako, nikapima mwenyewe. Mashine mpya bei yake ni marobota. Mashine ya zamani bei yake ni wewe. Marobota ninayo.

Vitenge hutoka Uholanzi bila jina, vikalipata hapa. Wewe unakwenda huko ukiwa nalo. Usilipoteze njiani.

Njoo uage vizuri. Mama yako anakaanga vitu tangu juzi.

Adwoa Dufie

*

Rotterdam
12 Desemba 1999

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo kutoka mbali. Nimefika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ni hili koti, kubwa kunizidi, ambalo kila mtu akiliona anajua nilipotoka. Jua huku linachomoza kama mtu aliyelazimishwa, linakaa kidogo, linaomba radhi na kuondoka. Bandari ni kubwa hata mwisho wake sijauona. Asubuhi ukungu ukishuka, makontena ni yaleyale, na kwa muda mfupi sijui niko wapi. Nasubiri kusikia mtu akiuza kenkey.

Jumamosi nilipita kwenye duka la vitenge. Nilikuta kimoja kipya, mistari ya bluu na kitu kama jicho. Mwuzaji akaniambia namba yake. Nilisimama pale nikijaribu kukisikiliza. Sikupata kitu, labda si kazi ya mtu mmoja.

Bwana Lartey, siku ile ya kuaga, aliniambia ulimlipa Alhamisi. Mensa anasema alikukabidhi barua yangu Jumatatu, siku tatu kabla ya hapo, mkononi, na ukampa ndizi. Sikukuuliza pale mbele ya watu na sikuulizi sasa. Wewe umeacha kunisema kuhusu mambo mengi.

Kuhusu mashine ya Mjomba: niliomba nibaki siku chache niirekebishe walau salamu, ukakataa, ukasema ipumzike kama ilivyo kule chumba cha nyuma. Sawa. Nakukumbusha tu usishangae ukiiwasha mwaka mpya. Itakuwa imepotea siku zake. Usiiamini.

Nakula. Siyo vizuri, lakini nakula.

Wako daima,
Kwabena

*

Adum, Kumasi
2 Januari 2000
Jumapili

Mwanangu Kwabena,

Heri ya mwaka mpya. Sote tu wazima. Mama yako anakusalimu, ameanza kuwaambia watu wa Mampong kwamba Rotterdam iko nyuma kidogo ya Tema. Upepo wa vumbi umeshuka kutoka kaskazini, mji mzima umekuwa wa rangi ya unga wa mahindi, midomo imepasuka, na ukimwita mtu aliye ng'ambo ya barabara unamwona kama mtu wa ndotoni. Mashine ya Tatu iliingia mwaka mpya bila hata kupiga chafya. Desemba ilikuwa nyembamba lakini imepita.

Kuhusu Mensa na zile ndizi, madereva ni watu wa maneno mengi.

Jana ilikuwa Jumamosi na duka limefungwa. Nyumbani sikutulia. Nikaja hapa peke yangu, nikapita mashine mpya, nikaingia chumba cha nyuma, nikaondoa kitambaa nilichoifunikia ile ya Mjomba wako. Waya ulikuwa umekazwa sana, mtu aliyeufunga hakutaka panya waje tena. Nikaiwasha. Ikanguruma kama mzee anayeinuka. Ikaniuliza tarehe. Nikaandika kama ulivyoandika wewe: moja, moja, sifuri sifuri.

Uliniambia nisiiamini. Basi sikiliza ilichosema. Ilisema: *Leo Jumatatu. Adwoa asibebe kitu. Mwekeni kiti.*

Kwabena, tangu alipokufa, kila Jumatatu nimeisoma ile salamu nikiwa na marobota mabegani na wateja mlangoni. Nabonyeza, napita. Jana hapakuwa na mteja, hapakuwa na robota. Palikuwa na vumbi na mwanga mwekundu dirishani. Nikasema, sawa Yaw, nimesikia. Nikakivuta kile kiti cha wageni, kile ambacho paa halikivujii tena, nikakaa. Nilikaa mpaka nikachoka kukaa, na sijawahi kuchoka kwa namna hiyo maishani. Nilimlilia kaka yangu jana, miaka mitatu baadaye, kwa sababu sasa nina siku ya kumlilia.

Leo nimetoka kanisani nikaja moja kwa moja, na nguo zangu za Jumapili. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku kitandani kwa vidole, nilijua itakuwaje, ila nilitaka kuona. Nikaandika tarehe. Ikawaza. Ikasema leo Jumanne.

Halafu ikauliza lile swali lake.

Miaka yote nimelijibu haraka ili duka lifunguke. Leo hakuna cha kufungua. Mpaka Februari iivuruge tena, kila Jumapili itakuwa Jumanne humu ndani, na mimi nitakuwa hapa na nafasi yangu yote. Nimekaa mbele yake na karatasi hii magotini. Yale maandishi ya kijani yanapepesa, yanangoja, wala hayana haraka.

Sijabonyeza kitu. Sitaki kuidanganya tena. Umeandika kwamba unakula, siyo vizuri. Hilo siyo jibu, na mashine haina kitufe chake. Katafute mtu wa kwetu huko, hawakosekani, kaa naye chini, mle chungu kimoja kwa mkono, kisha uniandikie upesi.

*Kwabena amekula?*

Nimeiacha inawaka.

Mama yako mdogo,
Adwoa Dufie